Mkasi wa Sinema

Uhariri wa filamu ni kazi ya kukata na kuunga. Mwongozaji humletea mhariri picha nyingi kuliko zitakazotumika. Mhariri huchagua ipi ianze, ipi ifuate, na kila moja ikae kwa muda gani kabla ya kuipisha nyingine. Kama ilivyo kwa fundi cherehani hodari, mshono wake haujionyeshi; macho hutua kwenye vazi. Hata hivyo, baadhi ya maonyesho yasiyosahaulika katika filamu za kale za Marekani yalipata uhai mikononi mwa fundi huyu.

Nguvu ya kwanza ya mkasi ni kufupisha muda. Katika Citizen Kane (1941), iliyoongozwa na Orson Welles na kuhaririwa na Robert Wise, ndoa ya Charles Foster Kane, mwenye magazeti, na Emily husimuliwa mezani, wakati wa kifungua kinywa. Mwanzoni maharusi wanasemezana kwa mahaba. Ghafla picha inavurugika kama kitu kilichopita mbio. Inapotulia, miaka imesonga, mavazi yamebadilika na sauti zimekauka. Inavurugika tena, na tena. Mwishowe wawili hao wamekaa kimya kwenye ncha mbili za meza ndefu, mume akisoma gazeti lake, mke akisoma la mshindani wa mumewe. Katika dakika chache ndoa imechanua na kunyauka, na hakuna aliyetamka kwamba mapenzi yamekwisha.

Nguvu ya pili ni kumfanya mtazamaji aone asichoonyeshwa. Mfano wake mkuu ni onyesho la bafuni katika Psycho (1960), ya mwongozaji Alfred Hitchcock na mhariri George Tomasini. Marion Crane, aliyeigizwa na Janet Leigh, ametoroka na dola 40,000 alizotumwa na mwajiri wake kuzipeleka benki. Usiku, katika moteli ya kando ya barabara, moyo unamrudi. Anaazimia kuzirejesha, kisha anaingia kuoga. Maji yanamtiririkia kama yanayoosha kosa lake, na hapo ndipo kisu kinapomfikia. Mauaji yenyewe hayafiki dakika moja, lakini onyesho hilo lilipigwa picha kwa siku 7, kutoka pembe zaidi ya 70. Mkono ulioinuliwa, kinywa kilicho wazi, pazia, maji: vipande vinapishana kwa kasi kuliko pumzi, na jeraha ambalo kamera haikulionyesha hutokea akilini mwa anayetazama. Damu ilikuwa rojo la chokoleti, hila iliyowezekana kwa kuwa filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Hitchcock alikusudia pasiwe na muziki. Mtunzi Bernard Herrmann akautunga hata hivyo, fidla zikapiga mayowe, na mwongozaji alipozisikia akabadili nia. Mkasi umefika hata kwenye kisa chenyewe: mhusika ambaye mtazamaji alikuwa akimfuata amekatwa kabla filamu haijafika nusu.

Nguvu ya tatu ni kugonganisha. Katika The Godfather (1972) ya Francis Ford Coppola, iliyohaririwa na William Reynolds na Peter Zinner, Michael Corleone, mrithi wa genge la familia yake, anasimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake. Padri anamuuliza iwapo anamkataa Shetani, naye anajibu kwa utulivu kwamba anamkataa. Katikati ya maswali na majibu hayo wanaonekana watu wake wakiwamiminia risasi wakuu wa magenge hasimu, huku kinanda cha kanisa kikiendelea kulia juu ya yote. Kila upande peke yake ni jambo la kawaida katika filamu za aina hiyo: ibada na mauaji. Vikiunganishwa, kila jibu la Michael linageuka uongo mbele ya mtazamaji, bila msimulizi kumhukumu. Sherehe inapokwisha, amekuwa baba mara mbili: wa mtoto mbele ya altare, na wa genge nje ya mlango wa kanisa.