Mnara wa Silibwet hausomi kilo za majani

Programu za mikopo za Tala na Branch zilipoanza kukopesha Kenya mwaka 2014 na 2015, ziliomba ruhusa ya kupekua simu ya mteja: ujumbe wa M-Pesa, watu anaowapigia, hata mahali simu ilipo. Hili la mahali ndilo linalotisha wengi, ingawa hesabu yake ni nyepesi. Simu inapolala kila usiku huhesabiwa kuwa nyumbani. Inaposhinda siku za kazi huhesabiwa kuwa kazini. Kisha hupimwa umbali kati ya hapo pawili, idadi ya mahali papya kwa mwezi, na kama wiki hii imefanana na iliyopita. Namba hizo hulinganishwa na za wakopaji wa zamani, waliolipa na walioingia mitini, na kompyuta hutoa alama. Mkopeshaji hutafuta utaratibu wa maisha. Anayehama ghafla baada ya kupokea pesa humtia wasiwasi.

Kubashiri kwa simu kunawezekana. Daniel Björkegren na Darrell Grissen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walichambua rekodi za kampuni ya simu ya Amerika Kusini. Uwezekano wa kushindwa kulipa kwa moja ya tano ya wateja iliyoonekana hatari zaidi ulikuwa mara 2.8 ya ule wa moja ya tano iliyoonekana salama zaidi. Ila rekodi zile zilibeba mengi zaidi ya mahali.

Hesabu hiyo ya mahali ikipelekwa Silibwet, kwenye mashamba ya chai ya kaunti ya Bomet, inakwama. Shamba la chai liko nyuma ya nyumba, kituo cha kupimia majani kiko kando ya barabara, na Bomet mjini mtu huenda akiwa na haja. Simu isiyotumia GPS wala Wi-Fi hujulikana ilipo kwa mnara iliyoushika tu, na mnara wa mashambani unaweza kufunika kilomita kadhaa. Mwenye ekari tatu na jirani yake mwenye robo ekari wanatoka sawasawa: watu waliotulia. Anayeonekana kutangatanga ni mwendesha bodaboda, na huko ndiko kutafuta riziki kwake!

Kinachowatenganisha wakulima hao wawili ni kilo. KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, hulipa majani kila mwezi, na bonasi huja karibu na Oktoba. Greenland Fedha, kampuni yake ya mikopo, hukopesha kwa kutazama majani yaliyopelekwa kiwandani, na hukata deni kwenye malipo.

Tangu Mei 31, 2023, Google imezizuia programu za mikopo kuomba mahali kamili pa simu. Kwa mkopeshaji wa huku, hasara ni ndogo. Aombe rekodi za majani kwa idhini ya mkulima, na tarehe ya kulipa aiweke baada ya pesa ya chai kuingia.