Wimbo wa "Malaika" na Masikio ya Watu

Msomaji, bila shaka umepata kuusikia wimbo uitwao "Malaika". Yumkini uliusikia arusini, bendi ikiupiga polepole wakati maarusi wanapoingia, na wageni wakiuitikia kwa furaha. Siku nyingine yasikilize maneno yake kana kwamba huyajui. Mwenye kusema ni kijana ampendaye msichana, naye hana mali ya kumwolea. Basi ndani ya wimbo huo hamna arusi. Ni ajabu kwamba maneno ya mtu aliyeshindwa kuoa ndiyo yachaguliwayo kuwasindikiza waliofaulu.

Fadhili William, Mkenya, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa sauti yake ulienea Afrika Mashariki nzima. Juu ya mtungaji kuna ubishi wa siku nyingi: Fadhili alidai kuwa ni wake, na wengine, akiwamo Adam Salim wa Tanganyika, walidai vivyo hivyo. Ubishi huo wahusu haki na fedha, wala si jambo dogo, lakini hapa nauacha kando, maana haja yetu ni wasikilizaji. Wimbo ukavuka mipaka. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, ukatiwa katika albamu aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka wa 1965. Boney M waliutoa mwaka wa 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka wa 1991. Katika wote hao hapana hata mmoja aliyelelewa kwa Kiswahili.

Msikilizaji asiyejua lugha yetu apata sauti tu. Sauti yenyewe ni laini, haina haraka wala kilio. Mpenzi aitwa malaika, kisha afananishwa na ndege mdogo. Mtu wa namna hiyo akiuchukua kuwa wimbo wa furaha, au wa kumbembeleza mtoto, hatuna haki ya kumcheka. Wa kuulizwa ni sisi tuyajuao maneno, ambao twaupiga arusini hata hivyo.

Kiini chake ki katika kiambishi kimoja ambacho umefundishwa darasani, yaani -nge-. Mwalimu alikuambia kwamba sentensi ya namna hiyo ina pande mbili: kama jambo hili lingekuwa, lile lingetendeka. Katika "Malaika" upande wa kwanza haupo. Kijana hasemi "kama ningekuwa na mali". Asema waziwazi kwamba hana, kisha kitenzi cha kuoa chaja peke yake na -nge- yake, kama mlango usio na nyumba. Tena si -ngali-, ambayo yahusu jambo lililokwisha pita. Kwa kufuata sarufi, nafasi ingalipo; labda kesho atapata. Hapo ndipo wasikilizaji wanapoachana. Mmoja asikia mtu aliyekata tamaa, mwingine asikia mtu anayengoja. Wote wawili wana ushahidi. Nami naona mtu wa arusini, bila kujua, amekamata ule upande wa tumaini, akausahau ule wa ufukara. Sikio lake si kiziwi, ila limesikia nusu.

Neno "mali" nalo lagawanya watu. Wimbo hausemi ni ng'ombe, ni mbuzi au ni fedha taslimu, wala hausemi zaenda kwa nani. Mwislamu wa pwani ajua kwamba mahari kwa sheria ya dini ni haki ya mwanamke mwenyewe. Katika jamii nyingi za bara mali hupelekwa kwa wazazi wa msichana. Kwa hiyo mmoja asikia kijana maskini tu, na mwingine asikia baba mkwe aliyesimama mlangoni na hesabu yake. Mzazi akiusikiliza aweza kusema kwamba kijana afanye kazi. Kijana aweza kusema kwamba wazee wamezidi. Mtungaji hakumshtaki yeyote. Alitaja umaskini, akataja moyo unaosumbuliwa na fedha, akanyamaza. Lawama kila mtu aitia mwenyewe. Kuna wasemao kwamba shauri hili limepitwa na wakati, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yasema kwamba pale mahari inapohitajiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara chatosha. Ni kweli kwa mahakama. Waulize vijana kama ishara hiyo huwatosha wajomba.

Miriam Makeba alituletea swali jingine. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Naye aliliimba neno la kuoa kama lilivyo. Wako walioona kuwa ni kosa la mgeni. Mimi sikubaliani nao. Katika taarabu yetu mshairi mwanamume amezoea kumtungia mwimbaji mwanamke, na hakuna ashangaaye kusikia kinywa kimoja kikisema maneno ya moyo mwingine. Lakini sauti ya Makeba yatukumbusha upungufu wa kweli: msichana mwenyewe hasemi neno. Hatujui kama alimtaka kijana huyo, au kama alikuwa tayari kumfuata bila ng'ombe hata mmoja. Wasichana wasomao shairi hili wana haki ya kuuliza jambo hilo, na mwalimu asiwanyamazishe kwa kusema kwamba ni wimbo tu.

Fadhili mwenyewe aliishi Marekani miaka mingi, akarudi Kenya, akafariki mwaka wa 2001. Mtu aliyezoea santuri yake ya ujana husikia -nge- ya kijana, ambaye kesho yake i mbele. Lakini maneno yale yale, bila herufi kubadilishwa, yakiimbwa na mzee mwenye mvi, wasikilizaji huinamisha vichwa. Katika masikio yao -nge- imekwisha geuka kuwa -ngali-.