Hesabu ya Maneno 850 na Ndoto za Ruashi

"Actually I follow a formation to realise my dream." Sentensi za namna hii husikika Ruashi, mjini Lubumbashi, kwa vijana wanaojinoa Kiingereza. Ukiikagua neno kwa neno, hakuna hata moja lisilo la Kiingereza. Lakini mpeleke msemaji wake Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, uone. Mzambia atakayemsikiliza atadhani anapingwa, maana "actually" mara nyingi hufungua maneno ya mtu anayekusahihisha. Kisha atabaki akijiuliza ni gwaride gani hilo kijana analolifuata.

Makosa yote matatu yametoka Kifaransa. "Actuellement" ni kwa sasa, "formation" ni mafunzo, na "suivre", yaani kufuata, ndicho kitenzi Mfaransa anachokitumia mtu akisoma kozi. "Realise my dream" imesalimika, ingawa ina harufu ya hotuba. Haishangazi: katika sekondari za Kongo Kiingereza huelezwa kwa Kifaransa, lugha ya shule, na Kiswahili cha nyumbani kinabaki nje ya mlango. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapoharibika, na sababu ni ya kisarufi, wala si ya uzalendo.

Msikilize kijana yuleyule akiongea na mama yake: "Sasa niko nasoma ufundi wa magari." Mtu wa Dar es Salaam angesema "ninasoma" yakaisha, lakini Kiswahili cha Lubumbashi hutanguliza "niko" kuonyesha kwamba jambo linaendelea. Kiingereza nacho hufanya hivyohivyo: "I'm training as a mechanic." Penye "niko" pana "I'm", penye "nasoma" pana "training". Kifaransa kwa kawaida hutosheka na wakati uliopo wa kawaida, ndiyo maana anayepitia huko huangukia "I follow", "I work", "I look for a job", kana kwamba anasimulia mazoea ya maisha yake yote. Anayeanzia kwenye "niko natafuta kazi" anaifikia "I'm looking for a job" kwa hatua moja.

Balaa la pili liko kwenye orodha za msamiati, na lina historia. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Basic English, Kiingereza cha maneno 850 tu, ambacho vitenzi vyake havizidi 18. Aliwezaje? Alishika vitenzi vidogo kama "give", "get", "go", "make" na "put", akavifunga na vijineno kama "up", "on" na "for". Hahitaji kitenzi cha kuacha, anayo "give up". Katika daftari lake "give" ni neno moja, "up" ni neno moja, na "give up" ni bure. Bure hiyo anailipa mwanafunzi, kwa sababu anayejua kutoa na kujua juu hawezi kukisia kwamba vikikutana maana yake ni kuacha. Redio ya Sauti ya Amerika ilipoanzisha matangazo yake ya Kiingereza chepesi Oktoba 1959, ilitumia maneno kama 1,500, na watangazaji wakasoma polepole kuliko kawaida kwa theluthi moja. Ule upole wa kusoma, nadhani, umewafaa wasikilizaji kuliko orodha yenyewe.

Sasa tazama misemo ya kufuata ndoto: give up, keep going, go for it, make it, come true, end up. Karibu yote imo ndani ya ile bure ya Ogden.

"Make it" ndiyo tapeli kuliko yote. Rafiki aliyekusindikiza stendi akikuandikia "Did you make it?", anauliza kama umefika, au kama umewahi basi. Akikuuliza hivyo baada ya usaili wa kazi, anataka kujua kama umepita. Mwanamuziki akisema "I made it", ametoboa. Na daktari akitoka wodini na kusema "He didn't make it", mgonjwa amefariki. Aliyekariri kwamba "make it" ni kufanikiwa atamuuliza daktari amefeli mtihani gani.

"Give up" ina mtego mdogo zaidi. "I gave up football" ni niliacha mpira, labda kwa hiari na bila kinyongo. Ondoa "football", ibaki "I gave up", na hapo umekata tamaa au umesalimu amri.

Ndiyo maana misemo hii haifundishiki kwa mabango ya kutia moyo. Inataka kisa ambacho wanafunzi tayari wanakijua, ili akili ishughulike na lugha peke yake. Lubumbashi wanacho. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam kuja TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. "He kept going. He ended up in Belgium. He made it to England." Mwalimu hana haja ya kutafsiri kitu hapo, maana kila shabiki anajua nani alifika wapi. Kisha wanafunzi wageuze kisa kiwe chao, na hapo mwalimu achunge "dream". Kifaransa cha "je rêve de devenir" huzaa "I dream to become", ilhali Kiingereza kinataka "I dream of becoming". Anayeona tabu aseme "I want to become", aendelee na safari.

Kiingereza si mgeni wa jana huku. Reli iliyofika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ilitokea Rhodesia, na mgodi wa Ruashi ulikuwa wa Metorex ya Afrika Kusini kabla ya Jinchuan ya China kuinunua kampuni hiyo. Kwa hiyo kijana anaweza kuihitaji lugha hii kwenye barua ya kuomba kazi kabla hajaihitaji popote pengine, na barua hiyo ina mstari wake wa mwisho: "I look forward to hearing from you." Huu akariri mzima mzima, kama sahihi yake. Kwa nini "to" hapa inafuatwa na "hearing" wakati "want to" inafuatwa na "hear", atauliza barua ikishatumwa.