Theluji ya Sabuni, Theluji ya Buffalo

Ipo sinema moja ambayo Wamarekani huirudia kila Desemba kama sisi tunavyorudia nyimbo za harusi: kila mtu anajua kinachofuata, na bado analia palepale. Inaitwa It's a Wonderful Life. Ilitoka Desemba 1946, mwongozaji ni Frank Capra, na mhusika mkuu, George Bailey, amechezwa na James Stewart. Naizungumzia leo si kwa kuwa ni mpya, maana ina umri wa babu. Naizungumzia kwa sababu imewafundisha watu wengi mno, hata wasioiona, namna moja ya kusimulia: theluji inaanguka, ni mkesha wa Krismasi, mtu yuko taabani, majirani wanajaa sebuleni kwake. Hata miongoni mwetu vijana tunaoandika Kiswahili wapo wanaoinyeshea hadithi yao theluji, ilhali hawajagusa barafu nyingine zaidi ya ile ya kwenye friji.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. George anaendesha chama kidogo cha kuweka na kukopa katika mji wa kubuni uitwao Bedford Falls, jimbo la New York. Kila alipotaka kuondoka akaione dunia, jambo lilizuka akabaki. Siku ya mkesha wa Krismasi mjomba wake anapoteza dola 8,000 za chama. Zimeangukia mikononi mwa tajiri wa mji, Potter, naye anauchuna. George anakwenda darajani ajiue. Malaika anatumwa, anamwonyesha mji ungekuwaje kama yeye asingezaliwa. Basi anarudi mbio nyumbani, na majirani wanaingia mmoja mmoja na pesa zao mpaka meza inajaa.

Tuanze na fani, halafu maudhui yatajileta yenyewe.

Theluji ya sinema hii ni ya sabuni. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyotengenezwa. Zamani kule Hollywood walikuwa wakimwaga konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe, lakini mwigizaji akizikanyaga zinalia kama chipsi kavu, hata maneno hayasikiki. Mafundi wa Capra wakachanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakalipuliza kwa mashine. Ikapatikana theluji isiyo na sauti, na mafundi hao wakapewa tuzo kwa ugunduzi wao. Halafu kumbuka kwamba sehemu kubwa ilipigwa wakati wa joto. Ukimtazama Stewart pale darajani, na koti lake zito, utaona uso umelowa jasho.

Ndugu msomaji, tazama theluji hiyo inavyotumika. Malaika anapomwondoa George katika dunia ya waliozaliwa, theluji inakatika ghafla. George anaposali arudishiwe maisha yake, inaanza kuanguka tena, na ndipo mtazamaji anapojua kwamba dua imejibiwa. Kwa fundi wa msuko hilo ni jambo zuri sana, nami nalivulia kofia: hakuna maneno, hakuna maelezo, hali ya hewa imesema. Lakini mtunzi anayeiga bila kufikiri anaondoka na somo la hatari kwamba theluji ni baraka. Ndani ya Bedford Falls theluji haiui mtu mzima hata mmoja. Barafu ilitaka kumchukua mdogo wake George utotoni, George akamwokoa na sikio lake moja likaharibika, basi. Baada ya hapo theluji ni pambo.

Sasa niseme jambo ambalo kwa vijana wenzangu wenye miswada chini ya kitanda ni habari tamu. Hadithi iliyozaa sinema hii iliandikwa na Philip Van Doren Stern, inaitwa The Greatest Gift. Alihangaika nayo kwa wachapishaji, hakuna aliyeitaka. Mwaka 1943 akaichapisha mwenyewe, kijitabu cha nakala 200, akawatumia jamaa na marafiki kama kadi ya Krismasi. Nakala 200 tu! Haki zake zikaja kununuliwa na kampuni ya filamu kwa dola 10,000. Ukiisoma hadithi yenyewe utashangaa: majirani hawamo. Hakuna Potter, hakuna pesa iliyopotea, hakuna kapu la michango. Kuna mtu aliyechoka na maisha yake madogo, akaonyeshwa, akarudi kwa mke na wanawe, kwisha. Ule msongamano wa majirani ambao leo ndiyo roho ya sinema uliongezwa na watunzi wa mchezo baadaye, kwa sababu sinema inataka watu wengi mwishoni.

Na hapo ndipo ninapogombana nayo. Majirani wa mwisho wanakuja kumlipa George. Kila anayeingia ana historia: huyu alikopeshwa nyumba, yule alisaidiwa siku fulani. Rafiki yake wa utotoni, tajiri aliyeko London, anatuma simu ya maandishi kwamba achukue hata dola 25,000. Furaha ni kubwa, nami sina moyo wa jiwe, lakini hebu tuulize: ingekuwaje kwa mtu asiyekuwa George? Mlevi wa mtaani, au mgeni aliyehamia wiki iliyopita ambaye hajamsaidia mtu? Sinema haina jibu, kwa kuwa haimjui mtu huyo. Sisi tunaijua hesabu hii vizuri. Kwenye misiba yetu kuna daftari la michango, na asiyewahi kuchanga atazikwa, ndiyo, ila idadi ya viti itasema.

Kwa maoni yangu ujirani wa kweli umo katikati ya sinema, mahali ambapo hakuna theluji wala Krismasi. Ni siku ya ndoa ya George. Watu wameingiwa hofu, wamevamia chama wakidai akiba zao zote. Pesa hakuna. Bibi harusi anatoa dola 2,000 zilizokuwa za fungate. George anamwuliza kila mmoja kiasi gani kitamfikisha mwisho wa juma. Wa kwanza anadai zake zote, 242, bila kupunguza hata senti. Anayefuata anafikiri, anaomba 20. Kisha mama mmoja, kwa sauti ya chini, anaomba 17 na senti 50. George anambusu shavuni. Jamani, hiyo senti 50 ni mwandishi aliyekomaa! Mtunzi mvivu angeandika kumi. Katika ile 17 na nusu unamwona mama mzima: kakaa, kapiga hesabu ya mkate na kodi, kawafikiria walio nyuma yake kwenye foleni. Hakuna anayemlipa mtu hapo. Kila mmoja anapunguza chake ili mwenzake naye apate.

Sasa twende kwenye theluji isiyo ya sabuni, jimbo lilelile la New York, mji wa Buffalo kando ya Ziwa Erie. Ijumaa ya Desemba 23, 2022 upepo wa baridi kali ulipita juu ya maji ya ziwa ambayo bado yalikuwa na joto kidogo, ukanyanyua unyevu, ukaumwaga mjini kama theluji. Upepo ulizidi kilomita 110 kwa saa. Kwa muda wa saa 37 mtu hakuweza kuona mkono wake barabarani. Uwanja wa ndege ulipimwa zaidi ya sentimita 130 za theluji kwa siku zile za sikukuu. Amri ya kuzuia magari ilianza saa tatu na nusu asubuhi, wakati wafanyakazi wengi wameshatoka majumbani. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama nayo. Mtu anapiga simu ya dharura, inapokelewa, na hakuna awezaye kufika. Katika wilaya ile, Erie, walikufa watu 47. Wengine ndani ya magari yao, wengine majumbani baada ya umeme kukatika, wengine wakitembea kwa miguu. Ndani ya mji wenyewe wengi wa waliokufa walikuwa watu Weusi.

Magazeti yaliyoandika habari zile yalikuwa yameshaitazama sinema ya Capra, nakuhakikishia. Ona habari waliyoipenda kuliko zote: watalii tisa wa Korea Kusini na dereva wao wamekwama, wanagonga mlango kuomba chepe wachimbue gari, wenye nyumba wanawaambia ingieni, wanalala siku mbili, na kumbe wenyeji ni wapenzi wa chakula cha Kikorea, friji imejaa kimchi. Wageni wakapika. Ni habari nzuri na ni ya kweli. Ila imetoka tanurini ikiwa sinema tayari, ndiyo maana ikazunguka dunia nzima.

Ile iliyonigusa mimi ni ya kijana fundi magari. Kakwama na gari lake usiku, akawachukua ndani ya gari watu wawili asiowajua. Kabla ya hapo aligonga nyumba kadhaa akiomba alale sakafuni tu, akiahidi dola 500. Akakataliwa. Mafuta yanakwisha, akaona kwenye ramani ya simu kuna shule karibu. Akavunja kioo, akawaingiza wale wawili, kisha akatoka kugonga vioo vya magari mengine mpaka wakafika zaidi ya 20. Wakala walichokikuta jikoni, wakafagia, naye akaacha barua ya kuomba radhi kwa kioo. Polisi wakamtafuta ili wamshukuru.

Na mwanamke mmoja alisikia mtu akilia nje. Alikuwa mzee wa miaka 64, mikono imeganda. Wakambeba ndani. Mama yule akatumia mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni, kuyeyusha barafu viganjani. Simu za dharura hazikuzaa kitu, akajirekodi moja kwa moja kwenye Facebook akiomba msaada, na ni watu wa kawaida waliofungua njia, si serikali, mpaka mzee akafika hospitali. Capra angeweza kulipiga tukio hili, lakini nina hakika angeiondoa ile mashine ya nywele. Mimi nisingeiondoa hata kwa mtutu wa bunduki. Ni ile 17 na nusu kwa mara nyingine.

Halafu kuna wa tatu, ambaye sinema haiwezi kumpokea. Buffalo imepokea wakimbizi wengi, wakiwamo wa kutoka Kongo na Burundi, hivyo Kiswahili kinasikika kwenye mitaa ile. Kijana mmoja mkimbizi kutoka Kongo alitoka Desemba 24 kutafuta chakula, kaacha mke mjamzito. Walimjua kwa kusaidia wenzake. Hakurudi hai. Hakuna malaika aliyeruka majini mbele yake. Ukiipima kwa kanuni ya Bedford Falls, kwamba aliyewatendea watu mema atajaziwa sebule, kijana yule alistahili kuliko George, na kanuni ikashindwa kumpata kwenye theluji.

Sidai kwamba Capra alidanganya. Potter wake haadhibiwi, na pesa anabaki nazo. Hilo ni jambo la ushujaa kwa sinema ya Krismasi na wanaoiga huwa wanalisahau. Haki ya kuizuia sinema hii kurushwa bure ilipokwisha mwaka 1974, vituo vya televisheni viliirusha kila sikukuu mpaka watu wakaikariri, na kinachokaririwa hubaki mwisho wake tu. Kosa la wanaoiga ni kuchukua ile sebule na kuacha foleni ya chama. Wanamchukua jirani aliyefungua mlango na kumfuta aliyeufunga, kana kwamba mji mmoja hauwezi kuwa na wote wawili usiku mmoja, mtaa mmoja. Mwalimu wangu wa fasihi angesema wahusika wao ni bapa. Mimi nasema hawajawahi kusikia hodi ambayo hawakutaka kuiitikia.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuandika Krismasi ya theluji, aandike. Ningekuwa mimi ningeanza ndani ya mojawapo ya zile nyumba alizogonga yule fundi. Mtu yuko macho, umeme unasinzia, watoto wamelala wote kitanda kimoja na makoti yao. Hodi. Sauti ya mwanaume asiyemjua inataja dola 500, na kutajwa kwa pesa ndiko kunakozidi kumtisha. Anasimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye kitasa. Hatua zinaondoka. Siku mbili baadaye upepo umetulia, anatoka na chepe lake kusafisha mbele ya nyumba, na jirani wa upande wa pili, ambaye naye sebule yake ilikuwa tupu usiku ule, anamsalimia.