Dawa ya Ng'ombe Iliyomaliza Tumbusi

Tumbusi wa mgongo mweupe walipoanza kufa kwa wingi India na Pakistan katika miaka ya 1990, wengi walishuku virusi. Ndege walikuwa wakishinda wameinamisha vichwa, kisha wakaanguka toka mtini. Vipimo vya virusi, bakteria, viuatilifu na metali nzito havikutoa jibu.

Timu ya mtafiti Lindsay Oaks, jimboni Punjab nchini Pakistan, ilianzia kwenye mizoga. Tumbusi wengi waliopasuliwa walikuwa na jongo la ndani: figo zimeshindwa kazi, na unga mweupe wa asidi ya yuriki umefunika moyo na ini. Watafiti wakageukia chakula cha ndege hao, yaani mifugo iliyokufa, wakawauliza madaktari wa mifugo na wauza dawa ni dawa gani inayotumika sana inayoweza kudhuru figo ikiliwa. Wakafika kwenye diklofenaki, dawa ya maumivu.

Nguvu ya utafiti huo, uliotoka mwaka 2004, ni ulinganisho wake. Tumbusi 25 wenye jongo walipimwa, na wote 25 walikuwa na diklofenaki kwenye figo. Kati ya 13 waliokufa kwa sababu nyingine, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Kisha tumbusi wakalishwa nyama ya mifugo iliyotibiwa kwa dawa hiyo, na wengi wakafa kwa jongo lilelile.

Lakini je, mizoga yenye dawa ilikuwa mingi kiasi cha kumaliza zaidi ya asilimia 95 ya ndege? Mtafiti Rhys Green na wenzake walipiga hesabu: hata mizoga yenye sumu ikiwa chini ya 1 kati ya 100, inatosha. Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka na huchelewa kuanza kuzaa, kwa hiyo jamii yao husimama juu ya maisha marefu ya wakubwa. Mzoga mmoja huliwa na kundi zima, na kila siku chache kuna mlo mwingine. Hatari ndogo hurudiwa mpaka inakuwa karibu hakika.

Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo, baada ya meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, kuthibitika kuwa salama kwa tumbusi. Wafugaji wengine wakahamia chupa kubwa za diklofenaki ya binadamu, hadi India ilipozibana mwaka 2015 zisizidi mililita 3. Mwaka 2023 ikazuia pia dawa ya aseklofenaki kwa mifugo, kwa sababu mwilini mwa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki.