Kitenzi malāku cha Kiakadia: Kushauri au Kutawala?

Imekuwa ada ya baadhi ya wachunguzi kukichukua Kiarabu kuwa kipimo cha lugha zote za Kisemiti. Ada hiyo huwanasa kwa wepesi wasomi wa Kiswahili, kwa kuwa maneno kama miliki, mamlaka na malkia yamewazoesha kuuhusisha mzizi m-l-k na enzi na mali. Kwa hiyo msomaji akikutana na kitenzi malāku cha Kiakadia huelekea kukifasiri kuwa ni 'kutawala'. Tafsiri hiyo haina msingi.

Kamusi kuu za lugha hiyo, ile ya von Soden (1965–1981) na ile ya Chicago (juzuu ya M, 1977), hukifasiri kuwa ni 'kutafakari' na 'kushauri'. Mnyambuliko wake ni wa kawaida: imlik 'alishauri', imallik 'anashauri' au 'atashauri', ambapo konsonanti ya kati hurudufiwa kuonyesha tendo lisilokamilika. Nomino milku ni 'shauri', na māliku ni 'mshauri'. Kiambishi-kati -t- huzaa mitluku, 'kushauriana', kikitenda kazi ambayo katika Kiswahili hutendwa na -ana. Mfalme, kwa kawaida, ni šarru. Ndiyo maana katika utenzi wa Atra-hasis Anu hutajwa kuwa mfalme wa miungu, na Enlil kuwa mshauri wao. Mwenye kuvichanganya vyeo hivyo huuvuruga mgawanyo wa madaraka ambao ndio chanzo cha kisa chenyewe.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe kupita kiasi. Wapo wanaodai kwamba maana ya 'mfalme' ilichipuka kutokana na ile ya 'mshauri'. Lakini nyaraka za Ebla, zilizofukuliwa nchini Syria tangu 1974, zinatumia malikum kwa maana ya 'mfalme' mapema kama karne ya 24 K.K., na Kiakadia chenyewe kina malku, 'mtawala', hasa katika lugha ya kifasihi. Kwa upande mwingine, Kiebrania cha Nehemia 5:7 na Kiaramu cha Danieli 4:27 vimehifadhi maana ya shauri. Maana zote mbili, basi, ni kongwe, na ushahidi uliopo hautoshi kuamua ipi ni mzazi wa nyenzake, wala kama mizizi ni mmoja au miwili. Linalothibitika ni kwamba kufanana kwa konsonanti hakutoshi kuwa dalili ya maana. Maana ya malāku haina budi kutafutwa kwanza katika matini za Kiakadia zenyewe.