Alama ya 8 Kwenye Kichwa cha Bolti

Bolti tatu zinaweza kuwa kwenye kopo moja gereji, zote zikaitwa "nane", na kumbe iliyo imara kuliko zote inaizidi iliyo dhaifu kwa karibu theluthi moja. Ya kwanza ni ya Kijapani, imeandikwa 8. Ya pili imeandikwa 8.8. Ya tatu ni daraja la 8 la Marekani, na kichwani haina namba yoyote, ina mistari sita tu.

Mfumo wa ISO, wa ile 8.8, ndio unaojieleza vizuri zaidi. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali. Ile iliyo baada ya nukta inaonyesha ni wapi bolti inaanza kurefuka bila kurudi. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwenye 800, lakini ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640, imeshanyooka. Kwa maoni yangu fundi aitazame zaidi hiyo namba ya pili, kwa sababu bolti hubana kwa kuvutika kidogo na kutaka kurudi. Iliyokwisha kunyooka isifungwe tena.

Wajapani walihesabu kwa kilo kwa milimita mraba, na vitabu vya ukarabati vya Toyota vimeutumia mfumo huo: 7 ni kilo 70, 8 ni kilo 80. Chukua bolti ya M10 yenye nyuzi za 1.25, ambayo eneo lake la kubeba mzigo ni milimita mraba 61.2. Ya alama 4 hukatika kwenye kilo 2,450 hivi, ya 7 kwenye 4,280, ya 8 kwenye 4,900. Spana inayozifungua ni ileile.

Marekani, kwa kiwango cha SAE J429, hupiga mistari, nawe unaongeza mbili: mistari mitatu ni daraja la 5, megapaskali 827, sita ni daraja la 8, megapaskali 1,034. Hapo ndipo penye mtego. Toyota nayo huweka mistari mitatu iliyoinuka, ila yake ina maana ya ile 7 ya kilo 70, megapaskali 686 tu. Kwetu, ambako magari mengi yametoka Japani, anayeisoma mistari hiyo Kimarekani anaipa bolti nguvu isiyo nayo. Waingereza wa zamani walitumia herufi: R ilikuwa tani 45 kwa inchi mraba, karibu megapaskali 695.

Kwa nguvu, basi, daraja la 5 liko jirani na 8.8, na daraja la 8 jirani na 10.9. Ujirani huo hauziruhusu kubadilishana matundu. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, karibu sawa na M8, lakini nyuzi zake za kawaida ziko 18 kwa inchi, yaani 1.41 badala ya 1.25. Huingia mizunguko michache, kisha hukaba, na anayelazimisha anaua nyuzi za injini.

Kupanda daraja nako kuna hatari yake. Chuma cha 12.9 ni kigumu mno, na kikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu hunasa haidrojeni, kisha kinaweza kukatika ghafla siku kadhaa baada ya kukazwa.

Hata alama sahihi imewahi kudanganya. Marekani ziliuzwa bolti za chuma chenye boroni, daraja la 8.2, zikiwa na alama za daraja la 8. Zikiwa baridi zilitimiza nguvu. Zikipata joto zililegea mapema. Bunge lao likatunga sheria ya ubora wa bolti mwaka 1990.

ISO 898-1 inataka bolti ya 8.8 kwenda juu iwe na alama mbili, ya daraja na ya kiwanda. Dukani, ukikuta ya daraja ipo na ya kiwanda haipo, usiifunge kwenye breki wala usukani.